Kiti cha Baba, Kama Kilivyo

Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaolalamika kama kawaida yake. Mpwa wako yupo chuoni, anasema sasa anaweza kumdunga mtu sindano bila mkono kutetemeka, anayetetemeka ni mgonjwa. Natumaini wewe, wifi yangu na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha yule mdogo kimekwisha.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako sipokei na sitapokea kwa sasa. Tangu nimzike baba tumepigiana mara nne, na zote nne nimekata huku nalia. Kwenye simu una maneno ya haraka, mimi yangu yananijia simu ikishakatwa. Kwenye karatasi tutakuwa sawa. Lori linaloniletea vitambaa linatokea huko huko kwenu, na dereva amekubali kubeba barua, mradi asiulizwe zimeandikwa nini.

Jambo lenyewe ni hili. Baba aliacha karatasi. Nyumba hii, pamoja na karakana ya makochi ya mbele, ameniandikia mimi. Ofisi ya ardhi wanasema karatasi peke yake haitoshi mpaka mrithi mwenzangu asaini kwamba hana pingamizi. Mrithi mwenzangu ni wewe. Nimeweka nakala ya karatasi ya baba na fomu yao. Saini pale nilipotia alama ya penseli, mrudishie dereva.

Najua utasema, mbona yote? Nakujibu kabla hujauliza. Shamba la bondeni liliuzwa ili usomee ufundi wa lifti. Ulipooa, baba alikupa fedha ya kuanzia maisha. Mimi nilipoolewa nilipewa kochi la watu watatu, na hilo lilikuwa la mteja aliyeshindwa kulikomboa. Silalamiki, nakumbusha tu. Wewe fungu lako ulikula baba akiwa hai. Langu limebaki hili, na ndimo ninamofanyia kazi na ndimo ninamolala. Nikilikosa, sina pa kuiweka mashine yangu.

Wasalimie watoto, waambie shangazi yao anawawaza.

Ni mimi,
Dada yako

&nbsp;

Tarehe 19 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua imefika, na dereva alikaa hapa mpaka akamaliza chai, naona alitumwa aangalie uso wangu nikiisoma. Sisi hatujambo. Kikohozi kimekwisha, sasa ni jino. Pole na mgongo. Acha kubeba fremu za makochi peke yako.

Dada, nimeisoma ile nakala mara nyingi kuliko nilivyotaka. Baba alipooza upande wa kulia mwezi wa nane. Karatasi ni ya mwezi wa kumi na moja. Mwandiko wa baba naujua kama ninavyoijua sauti yake, na wewe unaujua. Kila kochi alilolifungua aliandika kwenye mbao ya ndani, kwa penseli ya seremala, tarehe, mteja na kilichofanyika, ili fundi atakayefungua baada yake asipate shida. Nimekulia chini ya hizo mbao. Baba mzima, mwenye mkono wake, alikuwa anaandika herufi zinazopanda mlima. Baba aliyepooza amewezaje kusaini mstari ulionyooka hivi?

Halafu shahidi. Shahidi ni jirani yetu, mama muuza nafaka. Dada, mizani ya yule mama mtaa mzima unaijua. Mtu ambaye kilo yake haijawahi kufika kilo, leo ndiye wa kuniambia nini ni haki yangu?

Habari ya shamba nimekuwa nikiisikia tangu nina miaka kumi na tisa. Kila nikikosea, shamba. Nikichelewa kupiga simu, shamba. Kuna mambo huyajui kuhusu shamba hilo na yaliyofuata, na nilimwahidi baba nisiyaseme, kwa hiyo siyasemi.

Fomu sijaisaini. Nusu ya nyumba ni yangu kisheria. Sijasema nitaidai, lakini pia sijasema nimeiacha. Kwanza niambie siku ile ya kusaini ilikuwaje.

Wako,
Mdogo wako

&nbsp;

Tarehe 5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo, na poleni na jino.

Unataka kujua siku ile ilikuwaje. Ilikuwa siku kama zile nyingine. Niliamka, nikambadilisha baba shuka. Nikamgeuza ubavu, nikampaka mafuta mgongoni pale palipoanza kuchubuka. Nikamlisha uji kijiko kimoja kimoja, nikisubiri ameze, maana akikimbizwa unampalia. Nikamnyanyua nikamkalisha kwenye kiti chake. Halafu ndipo nikafungua karakana nikiwa nimeshachoka. Miezi mitano hivyo, na wewe ulikuwa kwenye kioo cha simu, unapunga mkono. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mdogo wangu. Karatasi aliisaini baada ya uji, akiwa amekaa, na jirani aliona. Mizani yake ni mizani yake, macho yake ni mazima.

Halafu hayo mambo nisiyoyajua. Ndivyo wasemavyo watu wasio na jambo. Kama lipo, liseme. Kama halipo, usinitishe na kiapo cha marehemu, maana hayupo wa kukukanusha.

Mimi najua nilichopata kwa baba. Nilipata mashine kubwa ya kushonea, mwaka ule mume wangu alipoondoka na hata mapazia akachukua. Sikuomba. Niliamka nikaikuta karakanani, imefunikwa gunia. Nilimpigia baba magoti, akageuza uso pembeni akaendelea na misumari yake mdomoni. Baadaye akabadilisha mabati, nyumba ikaacha kuvuja. Baadaye akamlipia mpwa wako mwaka wa kwanza wa chuo. Yote kwa jasho lake, kiti kwa kiti, na vidole vyake unavikumbuka vilivyokuwa. Kila asubuhi nikiwasha ile mashine namshukuru kabla sijatia uzi. Wewe uliyepewa shamba zima, umeshawahi kumshukuru?

Na usifikiri sijui. Barua hii ya kisheria sheria haikutoka kichwani mwako peke yako. Msalimie wifi yangu, mwambie nimemsikia.

Dada yako

&nbsp;

Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Wiki sita kimya. Dereva anasema alikupa barua mkononi, ukaitia mfukoni ukapanda kazini.

Naandika kwa sababu jana alikuja kijana mmoja wa suruali iliyopigwa pasi, ana futi ya chuma na simu. Alisema anatafuta kochi la kununua. Nikamwonyesha makochi, hakuyatazama. Alitazama dari. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Niliingia ndani kumletea maji, niliporudi nilimkuta uani anapima kutoka ukuta hadi ukuta. Nikamuuliza kochi lako ni la urefu wa ua? Akacheka, akaaga, na maji hakunywa.

Akumulikaye mchana usiku hukuchoma. Nimebadilisha kitasa. Jirani amesema akimwona tena atapiga kelele mpaka mtaa wa tatu, na sauti anayo.

Nakuuliza mara moja tu, na ujibu kama mtoto wa baba yetu. Wewe ndiye uliyemtuma?

Dada yako

&nbsp;

Tarehe 3 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Hatujambo.

Ndiyo. Nilimtuma mimi. Ni mtu wa kukadiria bei za nyumba, ndugu wa fundi mwenzangu. Nilitaka kujua ninagombania kitu gani. Wifi yako hakujua, na alipojua hakusema nami siku tatu, kwa hiyo hizo salamu zako za kumsikia zimekosea njia.

Yule kijana ameniletea bei, na ameniletea na habari ambayo sikumtuma. Anasema vyumba vyote vitatu vya nyuma vina wapangaji. Anasema hata chumba cha baba kina mpangaji. Anasema aliona godoro limekunjwa chini ya meza ya kukatia vitambaa, na mswaki kwenye kopo la gundi. Dada, unalala karakanani? Tangu lini? Na ada ya mpwa wangu ya mwaka huu wa pili ndiyo unailipa hivyo, kwa kukodisha kitanda chako?

Kwa nini hukuniambia? Najua kwa nini. Hutachukua cha mdogo wako hata ukizama. Baba alikuwa akisema hivyo.

Nimekaa na hilo godoro kichwani wiki mbili. Nashuka kwenye shimo la lifti nikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, nawaza mswaki. Basi nimeamua. Chukua nyumba. Nitasaini mbele ya wakili, kwa muhuri, kusiwe na neno. Sitauliza tena habari ya saini ya baba.

Ninachotaka mimi ni kimoja. Nipe kile kiti cha baba, alichokuwa akikalia pale mlangoni mwa karakana. Mpe dereva akilete. Ila kilete kama kilivyo. Usikifanyie chochote, wewe najua mikono yako haitulii.

Mdogo wako

&nbsp;

Tarehe 17 Mei

Mdogo wangu,

Sijambo. Wifi yangu mwombe radhi kwa niaba yangu, nitamwomba mwenyewe tukionana.

Barua yako nimeisoma, nikamsomea jirani, tukatazamana. Nakuuliza kwa upole. Mtu anaiacha nyumba, karakana, ua na vyumba vitatu vya wapangaji, anachukua kiti kimoja? Kiti chenyewe mguu mmoja umefungwa waya, kitambaa kimepauka, na pale baba alipokuwa akilaza kichwa pamekuwa peusi kwa mafuta ya nywele. Mteja akiniletea kiti kile namwambia kachemshie maji ya kuoga. Na wewe unakitaka, tena nisikiguse.

Jirani anasema fungua macho. Anasema baba hakuwa mtu wa benki, na mtu asiye wa benki ana mahali. Mimi nilimwambia baba hakuwa na cha kuficha. Lakini tangu aseme, silali. Godoro langu liko hatua nne kutoka kwenye kile kiti, nakitazama, kinanitazama. Nimekitikisa. Nimekigonga chini. Kuna kitu unakijua, mdogo wangu. Wewe mwenyewe uliandika kuna mambo siyajui.

Niambie unakitakia nini. Na makaratasi yatangulie. Kiti kitafuata.

Dada yako

&nbsp;

Tarehe 1 Juni

Dada,

Shikamoo. Makaratasi haya hapa, yana saini yangu na muhuri wa wakili. Nyumba ni yako.

Sababu ya kiti siisemi, nitaona haya. Mtu wa miaka arobaini na moja ana ruhusa ya kutaka kiti bila kujieleza. Nakuomba tu tena, kama kilivyo. Hata vumbi usipanguse.

Mdogo wako

&nbsp;

Tarehe 29 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima leo, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini. Afya ninayo. Roho ndiyo mgonjwa.

Nilikifungua kiti.

Makaratasi yako yalipofika niliyaweka chini ya mkasi, nikamwita dereva aje asubuhi kukichukua. Nilikuwa nimeshakifunga kamba. Halafu nikafikiria hilo vumbi. Nani anayejali vumbi la kiti? Nikasema huyu amekubali kuipoteza nyumba kwa sababu kilicho ndani ya kiti kinaipita nyumba, na mimi mjinga nakipakia kwenye lori kwa mikono yangu. Nikakata kamba, nikachukua bisibisi na koleo, nikaanza kung'oa pini.

Kitambaa cha juu ni kile cha kijani, unakikumbuka. Chini yake cha mistari. Cha nne kutoka juu ni cha maua, kilichobaki kwenye makochi ya mwalimu mkuu. Vitambaa vitano, kimoja juu ya kingine, vyote mabaki ya wateja, hakuwahi kujikatia kipya. Chini ya vyote sponji ile ile ya kwanza, hakuibadilisha hata mara moja, imeshuka katikati imekuwa bakuli. Nikaingiza mkono kila pembe. Fedha hakuna. Bahasha hakuna. Hati hakuna. Kulikuwa na misumari miwili na punje ya mahindi. Nikakipindua, nikawasha taa, ndipo nikaona mbao.

Ameandika, mdogo wangu. Kila alipobadilisha kitambaa aliandika, kama kwa mteja. Nakunakilia vile vile.

Mstari wa kwanza: "Kiti changu mwenyewe. Mteja mbaya, halipi."

Wa pili: "Mabaki ya mwalimu. Mke wangu amefariki. Sponji sitoi, aliinunua yeye."

Wa tatu: "Mashine ya binti. Fedha ya kijana, anarudisha ya shamba. Nimemwapisha asiseme. Binti akijua atairudisha."

Wa nne: "Mabati. Kijana."

Wa tano, wa kitambaa cha kijani: "Chuo cha mjukuu. Kijana tena. Binti amenishukuru mpaka amelia. Nimenyamaza. Ni vizuri kushukuriwa, Mungu anisamehe."

Nilikaa chini kwenye sponji na pini. Miaka yote ile ninayokuhesabia shamba, mashine ninayokaa nayo kutwa ni shamba lile lile limerudi. Bati ninalolala chini yake ni wewe. Nilikuuliza kama ulimshukuru baba. Mimi nilikuwa namshukuru yeye kwa ajili yako. Na nikimkasirikia kidogo, nisamehe. Mzee alijua ninavyokusema, alinisikia kila siku, na akaiacha shukrani ile ikae kwake kwa sababu ilimpendeza. Aliandika mahali ambapo alijua mtu mmoja tu atapafungua, tena akiwa hayupo wa kuulizwa. Nimecheka, halafu nimelia.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kufunua, nikwambie na la mwisho. Saini ile ulikuwa na haki kuitilia shaka. Nilimshika mkono. Kalamu ilikuwa kati ya vidole vyake, lakini vilivyoisukuma ni vyangu. Nilimuuliza kwanza, baba, nyumba iwe yangu? Akasema ndiyo. Ila siku zile alikuwa anasema ndiyo hata ukimuuliza kama mvua inanyesha na jua linawaka. Jirani alikuwa mlangoni, anatazama mizani yake. Niliogopa. Niliogopa utakuja na wifi yangu na bei ya soko, nami niwe mtu wa kubeba mashine kichwani. Ndiyo kweli yenyewe, na nyingine sina.

Kwa hiyo makaratasi yako sijayapeleka ofisi ya ardhi. Nayarudisha humu. Nyumba iandikwe majina mawili, lako na langu. Na kodi ya chumba cha baba iwe yako.

Sasa kiti. Baada ya yote haya ningekuletea takataka? Ukimchunguza sana bata hutamla, na mimi nimeshamchunguza mpaka mifupa. Nilisema nitakufanyia kiti ambacho hakuna mteja amewahi kukipata kwangu. Nimetia mguu mpya wa mbao ngumu. Nimetia springi mpya na mikanda mipya ya raba. Sponji nimeweka ile nzito, ya daraja la kwanza, lile bakuli la katikati halipo tena, ukikaa huzami. Kitambaa nimekata kile cha rangi ya divai nilichomwekea wakili mmoja, atasubiri. Kile cheusi cha kichwani nimekitia kwenye moto, nimeona aibu watoto wako wakione. Mbao yenye maandishi nimeiacha, na chini ya mstari wa tano nimeandika wangu: "Kwa mdogo wangu, aliyelipa na hakusema. Kazi ya dada."

Siku tatu nimekishona. Nilikuwa nakishona kwa furaha. Dereva ameagizwa akifunike turubai hata kama hakuna mvua.

Nakupenda, na sikuwahi kuliandika.

Dada yako

&nbsp;

Tarehe 20 Julai

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na leo ni shikamoo ya kweli. Sisi hatujambo. Wifi yako amesoma barua yako, akaniuliza kwa nini miaka yote hata yeye sikumwambia. Nikamwambia nilikula kiapo. Sasa hasemi nami tena, lakini naona ni mara ya mwisho.

Kiti kimefika salama. Mimi na dereva tulikipandisha kwa ngazi mpaka ghorofa ya nne, lifti ya jengo letu ni mbovu, na usinicheke. Jirani wa mlango wa pili ameuliza kimenunuliwa duka gani. Nimemwambia kimetoka kwa dada yangu na hakiuzwi. Mshono wake sijawahi kuuona popote. Ungeonwa na baba angeondoa misumari mdomoni akuambie.

Habari ya saini nilikuwa naijua moyoni. Umesema mwenyewe, imetosha. Majina mawili nakubali. Ila nyumba haiuzwi, wala haigawanywi, maadamu hiyo mashine inanguruma. Na kodi ya chumba cha baba siitaki. Mwondoe yule mpangaji mwisho wa mwezi, uhamie wewe, ulale kitandani kama binadamu. Ada ya mpwa wangu iliyobaki niachie, na safari hii utanishukuru mimi.

Sasa nikwambie nililoona haya kulisema, maana halina haja ya kufichwa tena.

Miaka tisa sijafika nyumbani. Kwanza kibali cha kazi, halafu nauli, halafu mtoto, halafu baba akaugua na nikasema mwezi ujao. Kwenye simu kila siku alikuwa amekaa kwenye kile kiti, amezama mpaka magoti yamepanda, kichwa kimelala pale pale. Sikumuuguza. Sikumzika, nilimwona anashushwa kwenye kioo cha simu, na mtandao ukakatika kabla hawajamaliza. Nikafikiri, nikipata kiti chake, nitakaa pale alipokaa, nitaingia kwenye bakuli lake, nitaweka kichwa kwenye mafuta yake. Ndiyo urithi nilioutaka. Nilijua ni upuuzi, ndiyo maana sikuandika.

Jumamosi wifi yako alipoenda sokoni na watoto, nilifunga mlango nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kuzama. Kikanisukuma juu.

Usijilaumu, dada. Ningekuwa nimesema, usingefungua. Na usingefungua, usingejua. Kiti ni kizuri, watoto wanakigombania. Nina swali moja dogo tu, na kama jibu ni baya, usiogope kunijibu.

Ile sponji ya zamani uliipeleka wapi?

Mdogo wako

&nbsp;

Tarehe 3 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Sitakuuliza hali leo, wala sitakuambia yangu, utaijua.

Wewe ni mtoto wa fundi makochi, unajua sponji kuukuu haitupwi. Inakatwakatwa kwa mkasi, inajaziwa mito. Ndivyo baba alivyotufundisha, na ndivyo nilivyofanya siku ile ile, bila kufikiri, huku nikijiona nakupenda. Ilitoka mito mitatu. Miwili niliiuza kwa watu wapita njia nisiowajua. Nilizunguka mtaa mzima siku nne nikigonga milango na kuuliza habari ya mito, watu wanadhani nimechanganyikiwa. Sikuipata. Nisamehe, hata kama umesema nisijilaumu.

Wa tatu haukuuzwa kwa sababu mshono wake ulikwenda upande. Nilikuwa nimeuweka nyuma ya mgongo wangu kwenye kiti cha mashine. Ndiyo maana mwezi huu mzima mgongo ulikuwa umenyamaza, nami nikadhani ni dawa ya mpwa wako.

Nimeufumua. Nimeugawa mara mbili, fungu lako na fungu langu, maana na mimi nimemtaka baba baada ya kusoma barua yako. Lako liko kwenye mfuko huu, dereva hajui amebeba nini. Kipindue kiti, chini upande wa nyuma kuna kipande cha upana wa kiganja kimoja nilichokishona kwa mkono. Fumua hapo, punguza sponji yangu ya daraja la kwanza, utie hii katikati. Haitakuwa bakuli. Lakini ukikaa sana kila siku, itashuka.

Nimepima mafungu yote mawili kwa jirani, usije ukasema nimekupunja. Ila mizani yake unaijua. Kwa hiyo nimeongeza kipande upande wako.

Dada yako